Chanda na Pete: Kupanda, Kushuka na Kupanda Tena kwa Kurt Warner

Mabibi na mabwana, wapenzi wa michezo, hamjambo.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Katika NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, usemi huo ni kweli neno kwa neno: timu ikitwaa Super Bowl, yaani fainali ya ligi, wachezaji wake hutengenezewa pete. Kurt Warner aliipata yake kwa msimu wa 1999. Mwaka uliofuata akavunjika kidole kidogo cha mkono wa kulia, mkono wake wa kurushia. Mwaka 2002 mkono huohuo ukavunjika tena, na mtu aliyekuwa mchezaji bora wa ligi mara mbili akaanza kuonekana kama kwotabeki, yaani mrushaji mkuu wa timu, aliyekwisha. Watu husimulia maisha yake kama muujiza: mpanga bidhaa wa supamaketi aliyegeuka bingwa. Mimi nataka tumwangalie kupitia ufundi wake, maana ufundi ndio unaoeleza vizuri zaidi kwa nini alipanda, kwa nini alishuka, na hasa kwa nini aliweza kurudi.

Kwa mliozoea kandanda au raga, niweke msingi kwanza. Kila upande una wachezaji 11. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, kama mita tisa hivi. Ikifaulu hupewa manne mengine, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Jaribio huanza pale mchezaji wa katikati anapoupitisha mpira kati ya miguu yake hadi mikononi mwa kwotabeki. Kwotabeki anarudi nyuma hatua tatu, tano au saba, anasoma walinzi wamejipanga vipi, anachagua mmoja kati ya wapokeaji wake, anarusha. Yote hayo ndani ya sekunde tatu hivi. Mbele yake wako wakingaji watano, majitu ya kilo 130 na kuendelea, ambao akirusha kazi yao ni moja tu, kumkinga. Wakipitwa, anaangushwa na mpira mkononi, au mbaya zaidi, mpira unamponyoka.

Sasa tuutazame mpira wenyewe. Una urefu wa sentimita 28 hivi, uzito wa gramu 400 na kidogo, ncha mbili zilizochongoka, na juu yake kamba 8 za mshono zinazokatiza. Warushaji wengi huweka kidole cha pete na kidole kidogo juu ya kamba hizo. Cha shahada hupanda kuelekea ncha ya nyuma, gumba hukaa upande wa chini. Mpira unapoachiwa, kidole cha shahada ndicho cha mwisho kuugusa, nacho huusaidia kuzunguka ili ukate hewa bila kuyumba. Lakini kabla ya kuachiwa, mkono ukiwa nyuma ya sikio na adui anakuja kwa kasi, mpira haukai kwa nguvu ya kidole cha shahada. Unakaa kwa sababu vidole viwili vya kwenye kamba vimeukaza. Kidole kidogo kikiwa hakina nguvu, mpira bado utaruka vizuri pasipo msukosuko. Akipigwa kumbo, au mkono ukiguswa tu, unachomoka. Naomba mlishike hilo, tutalirudia.

Warner alizaliwa jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1971 na kusoma Chuo Kikuu cha Northern Iowa, ambako alipewa nafasi ya kuanza mechi katika mwaka wake wa mwisho tu. Mwaka 1994, siku ambayo timu za NFL huchagua vijana kutoka vyuoni, hakuna aliyemtaja. Green Bay Packers walimwita kambini, lakini mbele yake walikuwapo Brett Favre, Mark Brunell na Ty Detmer, na kabla ya msimu kuanza akaachwa. Hapo ndipo alipopanga bidhaa usiku katika supamaketi ya Hy-Vee, mjini Cedar Falls, kwa dola 5.50 kwa saa.

Kipindi kilichofuata wengi hukipita haraka, na mimi naona ndicho kilichomjenga. Kuanzia 1995 alichezea Iowa Barnstormers katika ligi ya futiboli ya ndani ya ukumbi. Uwanja huko una urefu wa yadi 50, nusu ya ule wa kawaida, na kila upande una wachezaji wanane. Adui anakufikia mara moja, na nafasi ya kupitisha mpira ni finyu. Ukimsubiri mpokeaji mpaka umwone yuko wazi, umechelewa. Lazima urushe pale atakapokuwa kabla hajageuka. Misimu mitatu ya namna hiyo ilimpa Warner uachiaji wa haraka ambao baadaye watu walidhani amezaliwa nao. Mwaka 1997 Chicago Bears walitaka kumfanyia majaribio, lakini akaumwa na mdudu kiwikoni akiwa fungate, kiwiko cha mkono uleule wa kulia, ukavimba, na nafasi ikapita. Masika ya 1998 akaenda Ulaya kuichezea Amsterdam Admirals, akaongoza ligi nzima kwa yadi za pasi. St. Louis Rams wakamweka kwotabeki wa tatu, na msimu mzima akarusha pasi 11 tu. Mapema mwaka 1999, timu mpya ya Cleveland ilipoundwa na kuruhusiwa kuchukua wachezaji wa timu nyingine, Rams walimwacha Warner katika orodha ya wanaoweza kuchukuliwa. Cleveland nao hawakumchukua.

Agosti 1999, katika mechi ya maandalizi, kwotabeki wa kwanza wa Rams, Trent Green, alichanika ligamenti ya goti. Kocha Dick Vermeil akamkabidhi timu Warner, mwenye umri wa miaka 28. Timu hiyo msimu uliotangulia ilishinda mechi 4 na kupoteza 12. Safari hii ilishinda 13 na kupoteza 3. Haikuwa kazi ya mtu mmoja: mkimbiaji Marshall Faulk alikuwa amewasili mwaka huo, wapokeaji walikuwa Isaac Bruce na kijana Torry Holt, na upande wa kushoto, ambao mrushaji wa mkono wa kulia anaupa mgongo, alisimama mkingaji Orlando Pace. Warner alirusha tachidauni 41, yaani pasi zilizoishia kwa mpira kuvuka mstari wa mwisho wa wapinzani na kuleta pointi. Katika Super Bowl akawafunga Tennessee Titans 23 kwa 16 kwa yadi 414 za pasi, na mpinzani wa mwisho akaangushwa yadi moja kabla ya mstari huo.

Naomba tufanye hesabu kidogo, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo macho hayalioni. NFL humpima mrushaji kwa alama moja inayotokana na vipimo vinne. Cha kwanza: gawanya pasi zilizofika kwa pasi zote, toa 0.3, zidisha kwa 5. Cha pili: gawanya yadi kwa pasi zote, toa 3, zidisha kwa 0.25. Cha tatu: gawanya tachidauni kwa pasi zote, zidisha kwa 20. Cha nne: gawanya pasi zilizonyakwa na adui kwa pasi zote, zidisha kwa 25, kisha toa jibu hilo kutoka 2.375. Hakuna kipimo kinachoruhusiwa kushuka chini ya sifuri wala kuvuka 2.375. Jumlisha vinne, gawanya kwa 6, zidisha kwa 100. Mtu akifanya kila kitu sawasawa anapata 158.3.

Msimu wa 1999 Warner alirusha pasi 499, zikafika 325, yadi 4,353, tachidauni 41, zilizonyakwa 13. Vipimo vinatoka 1.76, 1.43, 1.64 na 1.72. Alama: 109.2. Msimu wa 2002 alirusha pasi 220, zikafika 144, yadi 1,431, tachidauni 3, zilizonyakwa 11. Vipimo: 1.77, 0.88, 0.27 na 1.13. Alama: 67.4. Mechi sita alizoanza, zote alipoteza.

Angalieni kipimo cha kwanza. Mwaka alioanguka, asilimia ya pasi zake zilizofika ilikuwa 65.5, mwaka wa ubingwa ilikuwa 65.1. Mkono haukusahau kulenga! Kilichokufa ni pasi ndefu, na pamoja nayo tachidauni. Wapinzani nao wakawa wanavuna. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mkubwa kwamba waliosema Warner amekwisha hawakuwa wameutazama ugonjwa wenyewe.

Ugonjwa ulikuwa na mizizi miwili. Mmoja ni kidole, tumeshauona. Wa pili ni mfumo. Mike Martz, aliyechukua timu baada ya Vermeil, alipenda kwotabeki arudi hatua saba na wapokeaji watano wakimbie mbali, mara nyingi bila mtu wa ziada kubaki nyuma kusaidia wakingaji. Mpango huo ukifanikiwa hakuna timu inayouweza. Mwaka 2001 ulimpa Warner yadi 4,830 na tuzo yake ya pili ya mchezaji bora, ingawa pasi 22 zilikuwa zimenyakwa na dalili zilishaonekana. Msimu huo uliishia kwenye Super Bowl walipofungwa na New England Patriots 20 kwa 17, na moja ya pasi za Warner ilinyakwa na Ty Law akaikimbiza yadi 47 hadi tachidauni. Hatua saba zinahitaji sekunde tatu kamili. Wakingaji wakidhoofika, sekunde ya tatu haipo. Kwotabeki anapigwa mkono ukiwa nyuma, na kama kidole hakikazi, mpira uko chini.

Septemba 2003, mechi ya kwanza ya msimu dhidi ya New York Giants, yote yalikutana uwanjani. Warner aliangushwa mara 6, mpira ukamponyoka mara 6, akamaliza akiwa na mtikisiko wa ubongo. Nafasi ikaenda kwa Marc Bulger. Juni 2004 Rams wakamwacha, ingawa mwaka 2000 alitia saini mkataba wa miaka saba. Msomaji wa magazeti yetu huona mkataba wa miaka saba akadhani ni miaka saba ya mshahara. NFL sivyo: mchezaji ana uhakika wa zile fedha tu zilizodhaminiwa ndani ya mkataba, zilizobaki zinafutika siku timu ikimwacha.

Giants walimchukua, akashinda mechi 5 kati ya 9 alizoanza, kisha wakamweka kijana Eli Manning. Mwaka 2005 akaenda Arizona Cardinals. Mwaka 2006 wao pia wakachagua kijana, Matt Leinart, na Warner akarudi benchi. Alikuwa na miaka 35, na hiyo ilikuwa mara ya tatu kupokonywa nafasi na mtu mdogo kuliko yeye.

Mwaka 2007 kocha mpya, Ken Whisenhunt, alianza kumwingiza Warner kwa zamu fulani tu, zile ambazo timu haikusanyiki kupanga bali inacheza mfululizo bila kupumzika. Huko kwotabeki hujipangia mwenyewe papo hapo kwenye mstari, husoma, huachia haraka. Mnaona tumerudi wapi? Ni Iowa ileile ya uwanja wa yadi 50. Oktoba mwaka huo Leinart akavunjika mtulinga, na Warner akamaliza msimu na tachidauni 27. Tatizo la mshiko nalo likapata tiba nyepesi kuliko mtu angedhani: glavu kwenye mikono yote miwili. Viganja vya glavu hizo vina utando unaonata, kwa hiyo kazi ambayo kidole kidogo hakiwezi tena kuifanya peke yake inagawanywa kwenye kiganja kizima. Wakati ule kwotabeki kuvaa glavu kwenye mkono wa kurushia, tena kwenye joto la Arizona, lilikuwa jambo la nadra.

Msimu wa 2008 alirusha yadi 4,583 na tachidauni 30, akaifikisha Arizona Super Bowl kwa mara ya kwanza katika historia yake. Huko Tampa, mwisho wa nusu ya kwanza, timu yake ikiwa mlangoni kabisa, James Harrison wa Pittsburgh Steelers aliinyaka pasi yake na kukimbia yadi 100 hadi upande wa pili. Hata hivyo Warner aliirudisha timu mbele, mpaka Santonio Holmes wa Steelers alipofunga zikiwa zimebaki sekunde 35. Jaribio la mwisho la Warner halikuruka: LaMarr Woodley alimfikia mkono ukiwa nyuma, na mpira ukachomoka. Steelers 27, Cardinals 23. Glavu zilipunguza hatari. Mkingaji akipitwa, hakuna glavu inayotosha.

Tarehe 10 Januari 2010, katika mtoano dhidi ya Green Bay Packers, timu iliyomwacha miaka 16 nyuma, alirusha pasi 33, zikafika 29, yadi 379, tachidauni 5, hakuna iliyonyakwa. Tachidauni zilizidi pasi zilizokosea. Mkirudi kwenye kanuni yetu mtapata 154.1, na vipimo vitatu kati ya vinne vimegonga dari ya 2.375. Cardinals walishinda 51 kwa 45. Wiki iliyofuata, New Orleans, pasi yake ilinyakwa, na alipogeuka kumfuata aliyeinyaka akapigwa kumbo la kifua asilolitarajia. Alirudi uwanjani kwa muda, lakini mechi ilikuwa imekwisha, na siku 13 baadaye alitangaza kustaafu akiwa na miaka 38. Aliingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa mchezo huo mwaka 2017.

Asanteni. Nipo tayari kwa maswali.