Nani Mwenye Majina ya Java?

Ndugu zangu, nianze na neno dogo: max. Kila aliyewahi kuandika Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, analijua. Unaiita max, unaipa namba mbili, inakurudishia iliyo kubwa. Jina hilo na utaratibu wa kuliita ndicho kiolesura. Kazi yenyewe ya kulinganisha namba inafanywa na msimbo mwingine, yaani maelekezo yanayoandikiwa kompyuta, ambao wewe huuoni. Mkiushika mgawanyo huo, mmeishika kesi ya Oracle na Google.

Java ilitolewa na kampuni ya Sun mwaka 1995. Google walipotengeneza Android, walitaka wasanidi, yaani watengenezaji wa programu, waliokwisha kuizoea Java waandike programu za simu bila kuanza kujifunza upya. Msimbo wa kufanya kazi wakauandika wao wenyewe. Majina na mpangilio wake wakavichukua kama vilivyo, mistari kama 11,500 katika vifurushi 37. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle ikainunua Sun, na mwaka huohuo wakawafungulia Google shauri la hakimiliki. Madai yao yalifika karibu dola bilioni 9.

Jaji William Alsup wa San Francisco, mtu anayeandika msimbo mwenyewe, aliamua mwaka 2012 kwamba violesura vile havilindwi na hakimiliki. Mahakama ya rufaa ikamtengua mwaka 2014. Shauri likarudi, jopo la raia wanaoamua kesi mahakamani likawapa Google ushindi mwaka 2016, rufaa ikautengua tena 2018. Hatimaye, tarehe 5 Aprili 2021, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwa kura 6 dhidi ya 2 kwamba Google walikuwa ndani ya matumizi ya haki, yaani matumizi ambayo sheria inayaruhusu bila idhini ya mwenye hakimiliki.

Hapa wengi huteleza. Mahakama haikusema kiolesura hakina mwenyewe. Jaji Breyer, aliyeandika uamuzi huo, alichukulia tu, kwa ajili ya hoja, kwamba hakimiliki ipo, kisha akasema hata hivyo Google hawakuivunja. Swali la msingi likaachwa wazi, nami nasikitika mpaka leo. Msanidi mdogo asiye na fedha za kulipa mawakili kwa miaka kumi hawezi kuiegemea kinga ya namna hiyo. Ulaya walisema waziwazi zaidi mwaka 2012, katika shauri la SAS Institute na World Programming: kazi inayofanywa na programu, na lugha ya kuandikia programu, havina hakimiliki.

Sasa msichanganye hilo na ada ya huduma. Mwaka 2023 Reddit, mtandao wa mijadala, walitangaza kutoza dola 0.24 kwa kila maombi 1,000 ya taarifa yanayotumwa na programu za wengine kupitia violesura vyao. Msanidi wa Apollo, programu ya simu ya kusomea Reddit, akapiga hesabu, akakuta angelipa kama dola milioni 20 kwa mwaka, akaifunga mwishoni mwa Juni. Maombi yale yanatua kwenye kompyuta za Reddit na yanakula umeme wao, kwa hiyo kutoza ni haki yao. Mwenye kioski cha maji hutoza kila ndoo. Ninacholaumu ni muda: bei ilijulikana mwisho wa Mei, na ilianza kutumika Julai mosi. Mtu aliyejenga kazi yake kwa miaka juu ya jukwaa lako humpi mwezi mmoja.

Tuje kwetu. Safaricom wana Daraja, violesura vinavyowaunganisha wasanidi na M-Pesa. Huduma ni yao, waitoze. Lakini tuseme kijana mmoja ajenge mfumo wake wa malipo, kwa msimbo wake, unaoitikia maombi yenye majina yaleyale, ili mwenye duka la mtandaoni ahamie kwake bila kuandika programu upya. Hajagusa kompyuta ya mtu wala hajapitisha muamala kwa mtu. Mimi nasema huyo asidaiwe hata shilingi. Kama yupo wakili humu ndani anayeona vinginevyo, maswali na tuanze naye.