Faili la Wingu Halifunguliwi

Nianze na neno ambalo walionisikia mwaka jana wanalijua: faili lililoko kwenye wingu si faili. Nalirudia kwa sababu kila nikikaa naletewa programu ya konsoli, yaani ya kuandika maandishi tu bila madirisha, iliyoandikwa kana kwamba S3, huduma ya Amazon ya kuhifadhi data kwenye wingu, ni diski ya kompyuta ya ofisini. Fungua, ongeza mstari mwishoni, funga. Kwenye ndoo ya kawaida ya S3, yaani chombo unachowekea data yako humo, hakuna kufungua. Unapakua kitu kizima (ndivyo faili linavyoitwa humo), unakibadilisha kwako, unakipakia kizima juu ya kile cha zamani. Kati ya kupakua na kupakia kuna mwanya, na data hupotelea humo.

Niliwahi kuandika programu kwa ajili ya chama kimoja cha ushirika wa korosho. Maghala mawili, kila ghala na laptopu yake. Karani anaandika jina la mkulima na kilo, anabonyeza Enter. Programu inapakua faili la orodha, mizani.csv, inaongeza mstari, inapakia. Niliijaribu wiki nzima, ikafanya kazi vizuri kabisa. Lakini niliijaribu peke yangu! Msimu ulipoanza, makarani wawili wakabonyeza Enter wakipishana sekunde chache. Wa kwanza akapakua mistari 212. Wa pili naye akapakua 212 ile ile. Wa kwanza akapakia 213, wa pili akapakia 213 zake juu yake. Wingu likawajibu wote wawili 200, yaani sawa, limepokea. Hapakuandikwa kosa popote.

Mzee mmoja akaja siku ya malipo, stakabadhi anayo mkononi, akaambiwa jina lake halimo. Karani akashukiwa wizi. Yule karani hakuiba hata kilo moja. Mstari ulifutwa na programu yangu, na zilipita siku tatu za kulinganisha stakabadhi za karatasi ndipo nikasimama mbele ya wanachama nikasema hivyo. Tangu siku hiyo hili jambo silichukulii kuwa la kiufundi tu.

Najua kuna anayetaka kuniambia: "Mwalimu, Desemba 2020 Amazon si walitangaza kwamba ukishaandika, anayesoma baada yako anapata toleo jipya?" Ndiyo, walitangaza, na ni kweli. Lakini makarani wangu wote wawili walisoma toleo jipya la wakati ule! Tatizo halikuwa kusoma la zamani, tatizo ni kuandika bila kuuliza kama kuna mwenzako aliyeandika baada ya wewe kusoma. Mwingine atasema aweke faili la kufuli, la kuwaambia wengine wasubiri wakati mmoja anaandika. Sawa. Umeme ukikatika kabla programu haijafuta kufuli, ghala zima linasimama, na karani anakupigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Wa tatu atasema mwanya wenyewe ni mdogo. Mdogo kwa nani? Faili la MB 20 kwenye modemu ya kijijini linaweza kuchukua dakika kadhaa kwenda na kurudi.

Dawa ipo. Kila kitu unachopakua kinakuja na alama ya toleo iitwayo ETag. Ihifadhi. Ukipakia, weka sharti la If-Match pamoja na alama hiyo: pokea hili iwapo lililopo bado ni lile nililosoma. Mwenzako akiwa amekutangulia, unarudishiwa 412, yaani sharti halikutimia, hakikuandikwa kitu. Azure, wingu la Microsoft, wana sharti hili kwa miaka mingi, Google wanatumia namba ya kizazi, inayobadilika kila kitu kikiandikwa upya, S3 wameliongeza Novemba 2024. Na tafadhali, ukipata 412 usitume tena data ile ile bila sharti, nimeliona hilo kwa macho yangu! Rudi upakue upya, ongeza mstari wako kwenye toleo jipya, ndipo utume.

Bora zaidi, msigombanie faili moja. Kila pimo liwe kitu chake chenye jina lake: ghala, tarehe, namba ya stakabadhi. Anayetaka orodha nzima atayaunganisha mapimo hayo jioni.

Naona naonyeshwa saa. Basi haraka: washeni uhifadhi wa matoleo kwenye ndoo, ili toleo la zamani libaki hata likiandikiwa juu, kwa sababu kwenye ndoo mpya ya S3 huwa umezimwa. Ungekuwa umewashwa kwetu, zile siku tatu zingekuwa saa moja. Funguo za siri zisikae ndani ya msimbo. Faili kubwa lisomwe kipande kwa kipande, lisimiminwe lote kwenye RAM. Upakuaji uende kwanza kwenye faili la muda, ukikamilika ndipo libadilishwe jina. Na programu ikishindwa, imalizike kwa namba isiyo sifuri, maana skripti inayoiendesha haisomi maandishi mekundu kwenye skrini.

Mengine yatasubiri. Sasa kaeni wawili wawili, ndoo moja, faili moja, bila sharti lolote kwanza. Bonyezeni Enter pamoja, kisha mhesabu mistari.