Kocha Aliyepewa Uprofesa: Maisha ya Amos Alonzo Stagg

Walimu wenzangu wa michezo, asanteni kwa kufika. Leo nataka tumzungumzie Amos Alonzo Stagg, aliyezaliwa mwaka 1862 huko West Orange, New Jersey, Marekani.

Akisoma Chuo Kikuu cha Yale alisifika kwanza kwa besiboli, akiwa mrushaji wa timu. Kisha futiboli ya Kimarekani: mwaka 1889 aliteuliwa katika kikosi cha kwanza kabisa cha wachezaji bora wa vyuo nchini humo. Lengo lake lilikuwa uchungaji, ila aliona mimbari haimfai, kwani kuongea mbele ya watu kulimpa shida. Akaenda chuo cha YMCA, yaani chama cha vijana wa Kikristo, kule Springfield, Massachusetts.

Huko alikuwa pamoja na James Naismith, ambaye Desemba 1891 alibuni mpira wa kikapu kwa kutundika vikapu vya matunda kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi wa mazoezi. Tarehe 11 Machi 1892 walimu wakacheza na wanafunzi wao mbele ya watazamaji wapatao 200. Stagg aliingia na jezi yake ya buluu ya Yale, na kila penye msukumano alikuwamo. Walimu walifungwa 5 kwa 1. Hiyo moja aliitia yeye.

Mwaka huohuo William Rainey Harper, mkuu wa Chuo Kikuu kipya cha Chicago, alimwajiri kuongoza idara ya mazoezi ya mwili, akampa cheo cha profesa mshiriki na ajira ya kudumu. Hapa ndipo ninapotaka tutulie. Wangapi kati yetu tunakumbukwa mashindano ya shule yanapokaribia tu, yakiisha filimbi inarudi kabatini? Stagg alikuwa na kiti kwenye kikao cha wahadhiri. Kwa sababu hiyo aliweza kufundisha futiboli, besiboli, riadha na kikapu bila kuhofia kwamba kufungwa mechi mbili kutamfukuzisha kazi. Alidumu Chicago miaka 40.

Mwaka 1932, akiwa na miaka 70, chuo kilimstaafisha. Mwenyewe hakutaka kuacha. Akahamia College of the Pacific, Stockton, California, na mwaka 1943, akiwa na umri wa miaka 81, makocha wenzake wakamchagua kocha bora wa mwaka. Alipotoka huko akaenda Chuo Kikuu cha Susquehanna, Pennsylvania, kumsaidia kocha wa timu ya chuo, ambaye alikuwa mwanawe wa kumzaa.