Kikombe cha Kheri na kuta zisizo na picha

SALMA: Haya, tumerudi. Leo Kheri kaingia studio na kikombe, na kakataza mtu asikitie chai.

KHERI: Karibuni wasikilizaji. Ni kweli, nimekataza. Binamu yangu anakaa London, nilimwambia aniletee chochote ila sumaku ya friji. Akaja na hiki.

SALMA: Hebu nishike. Kizito kidogo. Picha ya zamani, nyeusi na nyeupe. Mama yuko kwenye piano kubwa, watu wamejaa tele. Na huyu askari maskini, mkono wa kikombe umemkata sikio!

KHERI: Sikio na bega. Huyo mama ni Myra Hess, mpiga piano wa Kiingereza. Hapo ni ndani ya National Gallery, pale Trafalgar Square, Vita vya Pili vya Dunia.

SALMA: National Gallery si jumba la picha za kuchora? Mbona ukutani sioni kitu?

KHERI: Hapo ndipo nilipotaka ufike, dada. Mwaka 1939 vita vilipokaribia, picha zilifungashwa zikapelekwa Wales. Mwaka 1941 zikaingizwa kwenye mgodi wa Manod, ndani ya mlima, kule walikokuwa wanachimba mawe ya kuezekea. Jumba likabaki kama nyumba iliyohamwa.

SALMA: Na muziki uliingiaje?

KHERI: Vita vilipoanza, serikali ilifunga kumbi zote za muziki, sinema, tamthilia, kwa kuogopa mabomu. Jiji likanyamaza. Hess akamfuata mkurugenzi wa jumba, Kenneth Clark, kuomba nafasi ya tamasha la mara mojamoja. Clark akamjibu afanye kila siku.

SALMA: Ee, kaomba kikombe kapewa birika!

KHERI: Kabisa. Tamasha la kwanza lilikuwa tarehe 10 Oktoba 1939. Kibali kilikuwa cha watu 200 tu, wakaja wengi mno kuliko hao. Siku hiyo alipiga mwenyewe, peke yake. Kuanzia hapo ikawa Jumatatu hadi Ijumaa, saa saba mchana, kiingilio shilingi moja.

SALMA: Shilingi moja!

KHERI: Ya Uingereza, usianze kupiga hesabu. Na mchana kwa sababu usiku mji ulikuwa giza, taa hairuhusiwi kuonekana nje. Karani anatoka ofisini na mkate wake, askari yuko likizo, wanaingia. Hata chakula kiliuzwa hapo hapo. Mkate wa asali na zabibu kavu ulipata jina kweli kweli.

SALMA: Haya niambie sasa, alikuwa anapiga nini? Maana huku Hitler, huku…

KHERI: Bach. Beethoven. Schubert, Brahms, Mozart.

SALMA: Subiri. Hao watunzi wa muziki si Wajerumani na Waaustria?

KHERI: Ndio hao. Na kuna wimbo mmoja wa Bach ambao Hess mwenyewe aliupanga upya kwa piano, watu walimjua nao kuliko kitu kingine. Usiku unajificha ndege za Ujerumani, kesho yake mchana unalipa shilingi yako kumsikiliza Bach. Hilo ndilo linalonifanya nikitazame hiki kikombe kila asubuhi. Nchi iko vitani, lakini hakuna aliyemgeuza Beethoven kuwa adui.

SALMA: Mimi bado nina neno, kaka. Watu walikuwa wanafukuliwa kwenye vifusi. Leo tunauziwa kumbukumbu yao dukani, karibu na mlango wa kutokea. Inanikera kidogo.

KHERI: Sikulaumu. Lakini jumba lenyewe lilipigwa. Mwaka 1940 mabomu yaliliangukia, na tamasha zikahamia chini, kwenye vyumba vya ghorofa ya chini ya ardhi. Hawakuacha. Mpaka zinafungwa, tarehe 10 Aprili 1946, zilikuwa zimefika 1,698. Waliohudhuria ni zaidi ya 800,000. Yeye Hess alipanda jukwaani kama mara 150, siku nyingine akiwapisha wenzake.

SALMA: Na picha zenyewe?

KHERI: Zilikaa mgodini mpaka vita viishe. Ila kuanzia 1942 walikuwa wanaitoa moja, kila mwezi moja, inaning'inizwa London watu waione, kisha inarudi. Waliitaka ya Titian, mchoraji wa zamani wa Italia, mapema kabisa. Hebu fikiria ukuta mzima na picha moja tu.

SALMA: Sasa nimeelewa kwa nini naangalia ukuta kuliko piano. Tazama na huyu dada hapa, amefumba macho, koti hajavua. Baridi hiyo.

KHERI: Umemwona, eh? Mimi ilinichukua wiki nzima.

SALMA: Basi nilete chupa ya chai.

KHERI: Thubutu. Hapo chini pameandikwa kisiingie kwenye mashine ya kuoshea vyombo, picha itatoka.

SALMA: Wewe hiyo mashine unayo?

KHERI: Sina.