Mkutubi wa kwenye Muvi Kazi Yake ni Ssshhh

Shikamooni wakubwa, vijana mambo. Naona mmejikunyata, baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita haina mgeni, na mi koti sivui, kwa iyo tusiongee sana. (Kicheko.) Haya, mnanijua, mi mkutubi, yani mtunza maktaba, na leo naongelea jinsi muvi zinavyotuonyesha sisi wakutubi.

Mlionisikia siku zingine mnajua naanzia wapi. Ile muvi ya 1946, It's a Wonderful Life, Wamarekani wanaiangalia kila Krismasi mpaka leo. Jamaa anaitwa George, mambo yamemwendea kombo, anataka kujitupa mtoni, analetewa malaika amwonyeshe mji wao ungekuwaje yeye asingezaliwa. Basi wanazunguka. Mdogo wake kafa maji utotoni. Mfamasia alikosea dawa akaweka sumu, kafungwa miaka 20. Ndugu wa baba yake yuko kwa vichaa. George anauliza, na mke wangu Mary je? Malaika anababaika, hataki kusema, yani mpaka George amkabe ndo inamtoka: hajaolewa, na saa hizi ndo anafunga maktaba!

Mmesikia lakini? Mtu kafa, mtu jela, mtu kichaa, alafu baya lililofichwa mpaka mwisho ni Mary kuwa mkutubi. Na anatoka pale mlangoni kavaa miwani! Miwani imetoka wapi jamani? Kule kwenye maisha yake ya mwanzo ana watoto wanne na macho mazima, kwa iyo George asipozaliwa macho ya Mary yanaharibika? Mi navaa miwani tangu form two na nimeolewa, mume wangu yule pale nyuma anasinzia.

Kuna mtu anasema moyoni, mama, iyo ni sinema tu, tena ya wazungu, tena ya kale. Sawa. Nilipomaliza form six nikasema naenda Bagamoyo kusomea ukutubi, mjomba wangu akaweka kikombe chini akaniuliza, "Kwani umefeli?" Iyo muvi hajaiona mpaka leo.

Kazi yenyewe sasa. Siku moja kaingia mzee, gumboot zina tope la Isyonje, kofia kaishika mkononi, ananiambia kwa sauti ya chini, binti, nataka kitabu cha sumu. Kwenye muvi hapo muziki unabadilika na polisi wanakuja. Mi nikamwambia shikamoo mzee, karibu ukae, sumu ya nini? Ya ukungu. Ukungu wa nini? Viazi. Majani yakoje? Akaanza kunichorea kwa kidole juu ya meza, linaanza doa hapa pembeni, jeusi, likinyesha siku mbili shamba zima linanuka. Nikamtafutia kijitabu cha magonjwa ya viazi mviringo chenye picha, kafunua, kafunua, akagonga ukurasa kwa kidole, "Ndo huyu! Ndo huyu!", kwa sauti ambayo kwenye muvi angefukuzwa. Form four wote wakageuka. Nikawaambia someni. Ndo ukutubi huo, mtu anaomba kitu kimoja na shida yake ni nyingine, unamuuliza taratibu bila kumwaibisha mpaka muipate wote wawili. Nani kaiweka hiyo kwenye sinema?

Haya, msiseme nachukia tu. Desk Set ya 1957 wameiweka, mwigizaji Katharine Hepburn na wenzie ni wakutubi wanaojibu maswali ya kampuni ya televisheni, inaletwa kompyuta watu wanaogopa watafukuzwa, kompyuta ikaja ikakosea ikawafukuza wafanyakazi wote na bosi mkuu juu! Vijana wa ei ai, hii akili bandia, mkaitafute. Shawshank ya 1994 mnaijua wote, mmeiona kwenye mabanda, yule mfungwa Andy anaandika barua kila wiki miaka sita kuomba hela ya maktaba ya gereza, anapata dola 200 na vitabu vilivyotumika, anasema basi sasa nitaandika mbili kwa wiki. Kila aliyewahi kuandika barua ya kuomba bajeti pale alilia. Ghostbusters, muvi ya wawinda mizimu, lile zimwi la maktaba nalo linafanya nini? Ssshhh. Mtu amekufa na bado ananyamazisha watu!

Nilitaka kusema na za kwetu ila mwenyekiti ananionyesha saa, basi, ndaga, asanteni. Na nyie wawili mnaonong'ona hapo mbele tangu nianze, endeleeni tu, mi siwanyamazishi.