Mfuko mzima wa vitabu kwa dola 5, njooni muone

Jamani, hamjambo huko nyumbani? Leo sina theluji ya kuwaonyesha. Nimetoka sasa hivi maktaba ya mtaani kwetu hapa Minnesota, hata koti sijavua, maana nikikaa tu nitaanza kusoma na video haitatoka.

Iko hivi. Maktaba za huku huwa zinapunguza vitabu. Kitabu kikikaa rafuni miaka bila kuazimwa, kinapigwa muhuri kwamba kimeondolewa, kinatoka. Changanya na vile watu wanavyoleta wenyewe wakihama nyumba, maboksi yanajaa stoo. Basi kuna kikundi cha kujitolea, Marafiki wa Maktaba, wengi wao wastaafu, wanavipanga mezani na kuviuza, hela inarudi maktaba. Siku ya mwisho, ndiyo leo, unapewa mfuko wa karatasi, unajaza mpaka useme basi, unalipa dola 5. Kama shilingi 13,000 hivi. Mfuko mzima!

Mnawajua wale jamaa wanaotandaza vitabu chini pale Posta, Dar? Raha ni ile ile, ila huku hakuna wa kupatana naye bei, na mimi kupatana napenda, msinicheke. Kuinama tu ndiko hakukwepeki. Vya juu ya meza vimeshachambuliwa tangu juzi. Vitamu viko kwenye maboksi chini ya meza. Kwa hiyo nimepiga magoti, vumbi puani, napiga chafya, naomba radhi, naendelea.

Pembeni yangu kaka mmoja ana simu, kila kitabu anakimulika vile vimistari vyeusi vya nyuma. Simu inamwambia kinauzwa bei gani mtandaoni. Ikilia anachukua, isipolia anatupa. Hafungui hata kimoja! Biashara yake, sawa, lakini nilimwonea huruma kidogo.

Sasa. Kwenye boksi alilolimaliza yeye kulikuwa na dude nene, maktaba ilishalijalidi upya, jalada la kijani, gumu, halina jina, halina vimistari. Nikafungua. Jamani! Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile ya TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ya 1981! Nilipiga kelele, bibi mmoja akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia hapana mama, nimekutana na ndugu.

Tazameni hapa mwishoni, hii karatasi ya tarehe za kurudisha. Mihuri mitatu tu. Wa mwisho Machi 1994. Yaani amekaa humu miaka yote hiyo, peke yake, katikati ya vitabu vya kuoka keki.

Halafu kuna mtu amechorachora na penseli. Kitabu cha maktaba, hana adabu, ila nimemsamehe. Ngoja nisogeze kamera... herufi K... hapo. Mnaona? Maneno mengine yote ameweka nukta ndogo tu. Hili moja amelipigia mstari mara mbili, na pembeni alama kubwa ya kuuliza: kiherehere.

Sasa niambieni nyie, huyu mwenzetu aliambiwa na nani?