Sheria Itangulie Mashine

Assalaam alaikum, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojaa huko nyuma.

Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua hapa Mombasa mwaka 2009. Kabla yake Kenya ilitegemea setilaiti, na intaneti ilikuwa ghali na ya mwendo wa kobe. Mwaka uliofuata tukapata Katiba mpya, na kifungu chake cha 31 kikatupa haki ya faragha. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa saini Novemba 2019. Miaka kumi tangu waya utue! Nililokuja kusema leo ni hili: katika nchi yetu mashine hutangulia, sheria ikafuata nyuma ikihema, na anayeumia hapo katikati ni mwananchi.

Angalieni Huduma Namba, ile nambari moja ya utambulisho ambayo serikali ilitaka kumpa kila mkazi. Mwaka huo huo wa 2019, miezi kadhaa kabla ya sheria ile, watu walipanga foleni wakatoa picha na alama za vidole, huku wakihofia kwamba asiye na nambari atakosa huduma za serikali. Januari 2020 Mahakama Kuu ikazuia ukusanyaji wa vinasaba, na ikataka kanuni kamili ziwekwe kwanza. Oktoba 2021 ikabidi mahakama iseme tena: kadi zimetolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa haikutangulia tathmini ya athari kwa data za watu. Mabilioni ya shilingi yalikuwa yamekwisha kutumika. Mtu wa Pwani aliyewahi kudaiwa cheti cha babu yake ndipo apate kitambulisho hahitaji kuelezwa sana hapa. Anajua kosa moja kwenye daftari la serikali laweza kumfungia mtu kazi, safari na hata benki.

Kisha ukaja mradi wa sarafu wa Worldcoin. Mwaka 2023 maelfu ya watu, wengi wao vijana, walijipanga Nairobi wapigwe picha ya mboni za macho, walipwe sarafu ya kidijitali iliyokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2023, baada ya watu kwisha kupigwa picha. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe ndani ya siku saba. Tafadhali tusiwacheke vijana wale. Elfu saba kwa wengi ni kodi ya nyumba. Mimi siiti ridhaa ile anayoitoa mtu mwenye njaa bila kuelezwa jicho lake linakwenda wapi. Nywila ikiibwa utaibadilisha, jicho utalibadilishaje?

Juni 2024 vijana walitumia simu kuuchambua Mswada wa Fedha, wakaingia barabarani, hapa Mombasa pia, hadi Rais akakataa kuutia saini. Baadaye tukasikia vijana wanatekwa. Kila mzazi aliyeketi hapa ana haki ya kuuliza: simu ya mwanangu inafuatiliwa na nani, na kwa idhini ya mahakama gani?

Tusiitazame serikali peke yake. Ukiingia jumba la ofisi mjini, askari wa langoni anakupa kitabu: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu. Aliyetangulia umemsoma, na atakayefuata atakusoma wewe. Muulizeni kitabu kikijaa kinapelekwa wapi. Sheria inakupa haki ya kuambiwa data yako ni ya kazi gani, kuiona, kuisahihisha, na kupinga isitumiwe. Ukipuuzwa, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Sheria inamtaka ayamalize ndani ya siku tisini.

Na 2027 wagombea watakuja hapa kuomba kura. Msiwaulize barabara na maji tu. Waulizeni watakataa mfumo gani wa usajili iwapo utaletwa bila tathmini, na wajibu mbele ya watu. Sasa nitapokea maswali, tuanze na akina mama.